Ajali ya tairi ina kinga, acheni kutudanganya!

KIJANA mwenzangu, leo tuambiane ukweli bila kuumauma maneno. Kila wiki tunasoma habari ile ile: gari dogo limeacha njia, limepinduka, vijana wamekwisha. Chanzo? "Kupasuka kwa tairi la mbele." Kisha msibani anasimama mzee mmoja, anajifuta jasho, anasema ajali haina kinga. Wote tunaitikia, tunazika, tunarudi kijiweni.

Uongo mtupu! Radi haina kinga. Ajali ya tairi inayo, tena imeandikwa kwenye ubavu wa tairi lenyewe. Kasoro yetu ni moja tu: hatusomi. Tunatazama.

Chukua mfano wa gari ambalo vijana wengi wa mjini wanaliota usiku na mchana, Suzuki Swift Sport ile ya kati ya mwaka 2005 na 2010. Injini ya 1.6, nguvu za farasi 125, mwili mwepesi wa tani moja na kidogo. Gari tamu, hilo halina ubishi. Sasa nikuulize wewe uliyejinyima, ukakopa, ukalipia ushuru hadi mfuko ukatoboka: ulipolitoa bandarini, kitu cha kwanza ulichokimbilia kununua ni nini? Rimu! Ukaenda ukatafuta spoti rimu za kung'aa, za inchi 17, na kama kichwa kimepata moto zaidi, 18. Fedha zikaishia hapo. Kwenye tairi ukasema, "Fundi, nitafutie chochote kinachoingia."

Chochote! Gari zima linashika ardhi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja ukubwa wa kiganja chako. Breki, usukani, farasi wako wote 125, vyote vinapita kwenye viganja hivyo vinne. Na wewe hapo ndipo ulipobana matumizi.

Haya, tusome pamoja. Swift Sport hiyo ilitoka kiwandani na tairi lenye maandishi haya: 195/50R16 84V. Ule ni mkataba kati ya gari na barabara, na kila tarakimu ina kazi yake.

195 ni upana wa tairi kwa milimita. 50 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 50 ya huo upana, sawa na milimita 97.5. R ni jinsi nyuzi zilivyosukwa ndani, radiali. 16 ni inchi za rimu. 84 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 500. V ni mwendo wa juu, kilomita 240 kwa saa. Najua utacheka: "Mimi 240 nitaikimbiza wapi, Kibaha?" Cheka, lakini ujue kwamba herufi hiyo hupimwa kwa jinsi tairi linavyostahimili moto wa mwendo. T ni 190, H ni 210, V ni 240. Kiwanda hakikuweka V kwa ajili ya mbwembwe.

Sasa hesabu, na hii ni ya darasa la saba. Inchi 16 ni milimita 406.4. Ongeza ubavu wa juu na wa chini, yaani 97.5 mara mbili. Unapata 601.4. Hicho ndicho kimo cha gurudumu ambacho gia na dashibodi vinakijua. Kila utakachofunga, kipime kwa namba hiyo. Kanuni ya mafundi wanaojua kazi ni kwamba tofauti isivuke asilimia 3, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokuwa salama.

Umekosa 195/50R16 dukani? Muuzaji atakuletea 205/50R16. Kimo chake ni 611, limezidi kwa karibu asilimia 2. Sasa mshale ukisoma 50, gari linakimbia zaidi ya lilivyokuwa likikimbia zamani kwa mshale ule ule. Na yule askari mwenye tochi hasomi dashibodi yako! Akikuletea 205/45R16, ni 591, limepungua kiasi hicho hicho. Linafaa, mradi namba ya uzito isishuke chini ya 84. Lipo pia 185/60R15: kimo 603, karibu sawa kabisa, na ndilo tairi la Swift nyingi za kawaida. Ubavu wake ni milimita 111, mto mnene kwa mashimo yetu. Ila jaribisha kwanza rimu ya inchi 15 isiguse kalipa za breki. Ikizunguka bila kukwaruza, umepona kwa bei nafuu.

Sasa njoo kwa wakubwa wa mbwembwe. Anayekuuzia inchi 18 atakupa 205/35R18 na kukuapia kuwa "duara ni lile lile". Na kweli, kimo ni 600.7! Hapo ndipo anapokupiga changa la macho. Duara ni lile lile, lakini ubavu umeshuka kutoka milimita 97.5 hadi 72. Sentimita mbili na nusu za mpira na upepo zimeondoka, na badala yake umewekewa chuma. Shimo la Mandela Road likija usiku, atakayelipokea nani? Rimu inapinda, tairi linavimba ubavuni kama jipu, na wewe unaendelea kutamba nalo hadi siku litakapopasuka mwendo wa mia.

Hata 17 ina mtego. 205/40R17 ya kawaida ina namba 80, yaani kilo 450 tu. Umepunguziwa kilo 50 kila gurudumu, halafu unapakia washkaji wanne na spika ya bufa nyuma. Ukiitaka 17, tafuta yenye maandishi XL na namba 84, na ujaze upepo zaidi kidogo kama mtengenezaji wa tairi anavyoelekeza. Kama muuzaji hajui XL ni nini, ondoka dukani kwake.

Tukitoka kwenye saizi tunaingia kwenye uoza wenyewe: tairi la mtumba.

Hapa siwaachi wakubwa walale. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeorodhesha bidhaa zisizoruhusiwa kabisa kuingizwa nchini. Katika orodha hiyo yamo matairi yaliyotumika ya magari madogo ya abiria. Yamepigwa marufuku! Sasa mwenye macho atembee mjini mchana kweupe. Yamepangwa kandokando ya barabara kama maembe, yamepakwa dawa nyeusi yanang'aa. Yamepita wapi? Mengine yamekuja yamefungwa kwenye magari yenyewe ya mtumba, sawa. Na yaliyobaki? Yameota? Sheria inayomwona mama muuza mchicha na kushindwa kuona rundo la matairi ni sheria ya namna gani?

Na kabla hawajatwambia tununue mapya, watwambie kwanza kile kiwanda cha General Tyre pale Arusha kilikwenda wapi. Serikali ilikuwa na hisa humo pamoja na Continental ya Ujerumani. Tairi lilikuwa linatengenezwa hapa hapa. Kabla ya mwaka 2010 mitambo ilikuwa imekwisha kunyamaza, na ahadi za kuifufua tumezisikia hadi masikio yamechoka. Nairobi nako, kiwanda cha Sameer kilichotoa matairi ya Yana kilifungwa mwaka 2016. Mlalahoi akabaki kati ya tairi la meli lenye bei ya kutisha na kipara cha Mjapani.

Lakini hasira peke yake haitakushikia breki. Mpaka wakubwa waamke, mlinzi wako ni macho yako. Inama kwenye ubavu wa tairi utafute herufi DOT. Mwisho wa mstari wake kuna tarakimu nne. 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, ni la makumbusho. Michelin wenyewe wanashauri tairi likitimiza miaka 10 tangu kutengenezwa litolewe, hata kama kashata bado zimesimama. Mpira huzeeka ukiwa umelala, na dawa nyeusi haimrudishii mzee ujana.

Kisha tafuta neno STUDLESS, au majina kama Blizzak na iceGUARD. Ukiyaona, kimbia! Hayo ni matairi ya barafu ya Japani. Mpira wake ni laini, umetengenezwa ushike theluji. Kwenye lami ya Dar mwezi Februari, lami inayochemka, unalainika zaidi, unaisha haraka, na gari linachukua umbali mrefu kusimama. Muuzaji atakuonyesha kashata nene za kupendeza. Ni kweli ni nene. Mbuzi wa kwenye gunia naye ana manyoya.

Halafu angalia vile vialama vidogo vilivyoinuka ndani ya mifereji. Mpira ukilingana navyo, umebakiwa na milimita 1.6. Tairi limekwisha, usibishane nalo, hasa masika.

La mwisho, maana najua mfuko wako. Kama una fedha ya matairi mawili tu, nunua mawili mapya, yanayofanana, na uyafunge nyuma. Ndiyo, nyuma! Kijiweni watakucheka, watakwambia mashine inavuta mbele. Waache wacheke. Mbele pakiteleza, gari linanyooka na wewe unapunguza mwendo. Nyuma pakiteleza kwenye kona yenye maji, gari linageuka lenyewe, na dereva wa kawaida hana ujanja wa kulirudisha. Yaliyobaki mazuri yaende mbele, na vipara viende kwenye bembea za watoto.

Kwa hiyo fanya hivi Jumamosi hii. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko cha saizi na upepo. Zunguka gari, soma tairi moja moja, ukikumbuka na lile la akiba, uandike tarakimu zake kwenye karatasi. Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi. Kama namba hazikubaliani na kibandiko, na hesabu niliyokupa haikutoi, uza hizo rimu. Ndiyo, uziuze! Rudisha zile za kiwandani, fedha itakayobaki nunua mpira mpya wenye tarehe ya karibu.

Wasichana watakuona tu. Askari atakuona. Mama yako naye atakuona, jioni, ukirudi nyumbani na miguu yako miwili. Na siku yule mzee atakaposimama tena kusema ajali haina kinga, asiwe anasimama kwenye msiba wako.