Msitu Haulishwi kwa Mfuko

Wako watu kandokando ya Mlima Meru wasemao ya kuwa mti ni kama mhindi tu: umwagie mbolea ya chumvichumvi, nao utapanda juu upesi na kuleta fedha. Sisi twalipinga neno hili kabla halijawa desturi, maana hasara yake haionekani leo, nayo itawaangukia watoto wetu.

Chini ya kila mti wamo watumishi wasioonekana kwa macho. Bakteria na kuvu huozesha majani makavu, na kwa kazi hiyo huachilia naitrojeni kidogo kidogo, kadiri mizizi iwezavyo kuipokea. Tena ziko kuvu zinazokaa katika ncha za mizizi. Nyuzi zake hufika mahali mzizi usipofika, huleta fosforasi na maji, na mti huzilipa kwa sukari iliyotengenezwa majanini. Mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank aliupa ushirika huu jina la mikoriza. Watunza vitalu wa Afrika Mashariki waliujua kwa taabu: mipaini iliyoletwa kutoka ng'ambo ilidhoofu, mpaka ulipochanganywa kitaluni udongo uliotoka chini ya mipaini iliyokomaa.

Nasi wa Meru twauhitaji ushirika huo zaidi, kwa kuwa udongo wetu umetokana na majivu ya volkano, na udongo wa namna hii huishika fosforasi kwa nguvu. Pasipo kuvu, mti huona njaa mbele ya ghala iliyofungwa.

Basi, mfuko ukimwagwa huwaje? Mti ukipata naitrojeni ya bure hupunguza ujira wa kuvu, nazo hupungua. Yurea, ikigeuzwa na bakteria kuwa naitreti, huacha asidi udongoni. Na naitreti isiyonyonywa huteremshwa na mvua mpaka kwenye chemchemi zilishazo mifereji yetu. Mwaka 2008 Kathleen Treseder wa Marekani alikusanya matokeo ya chunguzi 82, akaona ya kuwa palipoongezwa naitrojeni, wingi wa viumbe hawa wadogo ulipungua kwa wastani wa asilimia 15. Na palipotiwa nyingi kwa miaka mingi, upungufu ulizidi. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu akikaa mno, mwenyeji huugua.

Tutaulizwa, "Mbona mahindi yetu hustawi kwa mbolea hiyo?" Ni kweli, wala hatuulaani mfuko. Mhindi huvunwa baada ya miezi michache, na shamba hupotewa na kila kilichobebwa. Ni haki lirudishiwe. Lakini mpaini waweza kukaa miaka 20 na zaidi, nao huangusha chakula chake miguuni pake kila mwaka. Ni akili gani kuyafagia majani hayo na kuyachoma moto, kisha kutoa fedha ya ada ya mtoto ili kununua badala yake dukani?

Neno hili lawahusu hasa wale wanaoruhusiwa kulima kati ya miche michanga katika Shamba la Miti Meru-Usa, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Anayetia mbolea kwenye mahindi huko aipime kwa kizibo na kuifukia karibu na shina la mhindi, asiitawanye ovyo. Tena apande maharage, ambayo vifundo vya mizizi yake vina bakteria wachukuao naitrojeni hewani bila kudai senti.

Na mwenye kishamba chake cha miti aache majani mahali yalipoanguka. Watumishi wale wamekwisha kuajiriwa tangu zamani. Kazi yetu ni kutowafukuza.