Posa ya Zinga na kikosi cha Morocco



Tulikusudia wiki hii kuendelea na haki za mke katika nyumba ya mumewe, kama tulivyoahidi toleo lililopita. Tunaomba radhi, kwani limetufika hapa Kerege jambo ambalo tumeona si vyema kulipita kimya. Kijana mmoja wa msikitini kwetu amekwama kuposa, na kilichomkwamisha ni timu ya mpira ya Morocco.

Tusiharakishe kucheka. Kijana huyu ni yatima. Aliyemlea ni ami yake, mzee anayefuata samaki Bagamoyo kila alfajiri na kuwauza kwa pikipiki hadi Mapinga. Binti yuko Zinga, kwao wamekwisha kuonesha dalili ya kuridhia, na kilichobaki ni wazee wa upande wa mwanamume kwenda kubisha hodi kwa heshima zake. Mkubwa wa msafara ni ami. Na ami amesema haendi.

Mambo yalianza usiku wa Ijumaa tarehe 22 Agosti, Taifa Stars ilipokutana na Morocco katika robo fainali ya CHAN, mashindano ambayo nchi yetu iliyaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Sala ya Isha usiku ule ilikuwa na safu moja na nusu. Ukweli usemwe, hata sisi tuliofunga milango ya msikiti tuliifunga upesi kuliko kawaida yetu. Wengine walikwisha kujaa kwenye kibanda cha kuoneshea mpira, kile vijana wanachokiita kibanda umiza, na ami na mwanawe walikuwa miongoni mwao, wamekaa benchi moja kama walivyozoea tangu kijana akiwa mdogo.

Kipindi cha pili Morocco wakapata bao lao moja, na likatosha. Kijana akasema, pengine kwa kujiliwaza, kwamba ikiwa ni lazima kutoka basi ni nafuu kutolewa na ndugu zetu Waislamu. Ami akageuka na kumwambia, mbele ya watu, kwamba ndugu zake hao ndio waliofunga mkataba na Israel, na anayewafurahia ni mnafiki kama wao. Kijana naye akajibu neno, ambalo tutalifikia. Tangu usiku ule mmoja huswali safu ya mbele kuliani, na mwingine huingia amechelewa makusudi ili apate nafasi karibu na mlango.

Wasomaji wetu wasidhani ami huyu ni mtu wa maneno matupu. Katika baraza letu hakuna anayefuatilia siasa za nje kama yeye. Redio yake haizimwi. Aliyoyasema kuhusu Morocco ni kweli: Desemba 2020 serikali ile ilikubali kurejesha uhusiano na Israel, kwa upatanishi wa Marekani, na Marekani nayo ikatambua mamlaka ya Morocco juu ya Sahara Magharibi. Ami hukumbusha pia kwamba Tanzania iliitambua Jamhuri ya Sahrawi tangu mwaka 1978. Kwa hiyo hoja yake ni moja. Fainali za Mataifa ya Afrika zilipangwa kuanza Morocco tarehe 21 Desemba 2025, Taifa Stars ikapangwa kundi moja na Nigeria, Tunisia na Uganda, na yeye alisema timu isiende. Ikiwa ni lazima iende, basi waende wachezaji wenye msimamo.

Kijana naye ana hoja zake, na si nyepesi. Anasema wachezaji wa Morocco ndio walioinua bendera ya Palestina uwanjani kule Qatar mwaka 2022, baada ya kuitoa Hispania. Anasema Mfalme Mohammed VI alipokuja nchini Oktoba 2016 aliahidi msikiti na uwanja wa mpira, na msikiti ule umesimama Kinondoni, makao makuu ya BAKWATA, nasi sote tumeswali ndani yake. Kisha hutoa ile inayomnyamazisha kila mtu barazani: Tanzania yenyewe ilifungua ubalozi wake Tel Aviv mwaka 2018. Kama anayekwenda Morocco ni msaliti, huuliza, sisi tunaoishi hapa tuhamie wapi?

Kamati ilitutuma kwa ami kutafuta suluhu. Tulimkuta uani baada ya Asri, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mapajani ana daftari lake la madeni ya samaki. Tulidhani anapiga hesabu. Kumbe anapanga kikosi. Upande wa kushoto wa ukurasa kuna wanaodaiwa, upande wa kulia kuna wachezaji kwa nafasi zao, kuanzia kipa.

Tulikisoma, na katika mambo ya mpira hatukuwa na la kumkosoa. Samatta yumo, ijapokuwa ami anataka aanzie benchi na aingizwe wapinzani wakishachoka. Feisal Salum yumo, na mbele ya jina lake kuna nyota. Bacca yumo. Lakini tuliona jina la beki mmoja limekatwa kwa mistari miwili mizito. Tukamuuliza, mzee wetu, huyu ana jeraha? Akajibu kwamba hana jeraha, ila tangu Gaza ianze kuteketea hajawahi kuiweka bendera ya Palestina kwenye ukurasa wake hata mara moja. Tukamuuliza aliyajuaje hayo ilhali simu yake ni ya kubonyeza. Akasema aliwaomba vijana wamwangalizie.

Hapo ndipo tulipoona kwamba shauri la kijana na shauri la beki ni shauri moja. Wote wawili wamekatwa kwa kalamu ileile.

Sisi hatumo miongoni mwa wanaosema siasa na michezo vitengane. Nchi yetu haikuwahi kuamini hivyo. Mwaka 1974, kule Christchurch, Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 1500 huku akimwacha John Walker wa New Zealand nyuma yake. Dunia nzima ilisubiri wakutane tena kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Tanzania ikawa mstari wa mbele kati ya nchi za Afrika zilizosusia michezo ile, na Walker akachukua dhahabu bila Bayi kuwapo. Miaka minne baadaye, Februari 1980, Marekani ilimtuma Muhammad Ali hapa Dar es Salaam atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Ami alikuwa kijana, anasema alikwenda mjini kumtazama bingwa na akaambulia vumbi la gari. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Tanzania ilikwenda Moscow, na Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, za kwanza kabisa za nchi hii.

Tulimkumbusha ami hayo, naye akafurahi akidhani tumemuunga mkono. Tukamwambia hapana, mzee wetu, tazama nani alilipa. Msimamo wa mwaka 1976 ulikuwa wa haki, na bei yake aliilipa mtu mmoja kwa miguu yake, mtu ambaye huenda asingepata tena siku kama ile. Taifa lilijua linatoa nini. Lilikuwa linatoa kilicho bora kuliko vyote lilivyokuwa navyo, wala si cha jirani.

Na wapo waliolipa kwa mikono yao wenyewe. Januari 2009 Frédéric Kanouté, Mwislamu wa Mali aliyekuwa akiichezea Sevilla, alifunga bao, akainua jezi, na ndani ikaonekana fulana iliyoandikwa Palestina. Shirikisho la Hispania likamtoza faini ya euro 3,000. Mtu huyohuyo alikuwa amekwisha kutoa fedha zake mwaka 2007 kuununua msikiti wa Sevilla uliokuwa karibu kupotea. Anwar El Ghazi alivunjiwa mkataba na Mainz ya Ujerumani Novemba 2023 kwa maneno aliyoyaandika juu ya Gaza, akaenda mahakamani na akashinda mwaka uliofuata. Agosti 2025, alipouawa Suleiman al-Obeid, mchezaji wa zamani wa Palestina, akisubiri msaada wa chakula huko Gaza, shirikisho la Ulaya lilitoa rambirambi bila kueleza alivyokufa. Mohamed Salah akawauliza hadharani amekufaje, wapi, na kwa nini. Hakumwagiza mtu mwingine aulize.

Upo pia mfano wa pili, na huu ni wa kwetu. Januari 2024, katika fainali za Ivory Coast, kocha wetu wa wakati ule, Adel Amrouche, mzaliwa wa Algeria, aliituhumu Morocco kwamba inaiendesha CAF itakavyo. Tangu Agosti 2021 Algeria ilikuwa imevunja uhusiano wa kibalozi na Morocco, na kila anayefuatilia habari za kule alielewa moto ule unatoka jiko gani. Morocco wakatufunga mabao 3 kwa 0, CAF ikamfungia kocha mechi 8, TFF ikamsimamisha, na vijana wetu wakamaliza mashindano wakiwa na kocha mwingine, Hemed Suleiman, ambaye kwa mzaha wa majaaliwa jina lake la utani ni Morocco. Walitoka sare na Zambia, wakatoka sare na Kongo, wakarudi nyumbani. Hatuna ujuzi wa kusema tuhuma zile zilikuwa kweli au uongo. Tunalolijua ni kwamba ugomvi wa majirani wawili wa Maghrib ulimaliziwa kwenye benchi letu.

Ami alisikiliza, kisha akatujibu jibu ambalo hatukulitarajia. Akasema, "Katibu, mwanangu, mimi si nilitoa?" Na kweli alitoa. Kisanduku cha mchango wa Gaza kilipopitishwa msikitini Ramadhani iliyopita, ami alitia noti alizozitoa kwenye mfuko wa kanzu bila kuzihesabu. Tuliokuwa tukihesabu baadaye tulizitambua kwa harufu ya samaki. Tukamwambia, hilo tunalishuhudia, na Allah alikubali. Pale ulilipa wewe. Lakini beki huyu alipe kwa nini? Na kijana wako alipe posa yake kwa nini?

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akatuambia neno ambalo kijana alimjibu usiku ule kibandani. Kijana alisema, "Ami, wewe unawalilia watu wa mbali kila usiku, na sisi wa nyumbani hujatuuliza hata siku moja tumelalaje."

Basi haikuwa Morocco. Mzee aliyeamka saa tisa usiku kwa miaka ishirini ili mtoto wa ndugu yake apate ada ya shule aliambiwa, mbele ya wanunuzi wake, kwamba hakumjali. Na kijana asiye na baba aliitwa mnafiki na mtu pekee anayemwita baba. Maneno hayo mawili yalitoka kwa kasi ya mpira, lakini hayakurudi yalikotoka filimbi ilipolia.

Kuhusu neno la ami tulimkumbusha kisa anachokijua vizuri kuliko sisi, cha Usama bin Zayd, radhi za Allah ziwe juu yake, namna Mtume (s.a.w.) alivyomkemea kwa kuhukumu yaliyomo moyoni mwa mtu aliyekwisha kutamka shahada. Unafiki ni ugonjwa wa moyo. Hatuoni vipi utapimwa kwa timu ambayo mtu anaipigia makofi, au kwa bendera aliyoiweka na asiyoiweka kwenye simu. Kuhusu neno la kijana, tulimwambia ami kwamba tutazungumza naye, na tumezungumza naye. Tulimkuta kijiweni na bodaboda yake. Hakubisha. Alisema tu kwamba anaona haya.

Baadhi ya wajumbe wa kamati wamependekeza tupige marufuku mazungumzo ya mpira katika baraza la msikiti. Sisi hatukuunga mkono. Watahamia kibandani moja kwa moja, nako hakuna wa kuwapatanisha.

Ami amekubali kwenda Zinga Jumapili baada ya Adhuhuri. Ametoa masharti mawili: asiwepo mtu wa kuvaa jezi ya aina yoyote, na kijana aje mwenyewe kumwomba, asitume mtu. Yule beki amerudishwa kwenye daftari, ingawa kwa penseli, na katika orodha ya akiba.

Tunaandika makala haya Alhamisi usiku. Jioni ya leo tulipita kwa ami kununua samaki, tukaiona kanzu yake nyeupe imepigwa pasi na kutundikwa nyuma ya mlango. Kijana alikuwa bado hajafika.