Kitanda cha Mgeni na Paa la Mwenyeji

Hivi karibuni nililala siku sita katika nyumba ya mapumziko ya shambani, kwenye mteremko wa bonde la Aridane, kisiwani La Palma, mojawapo ya Visiwa vya Kanari vya Hispania. Kuta ni za mawe meusi ya volkano. Chini yake migomba inashuka kwa matuta kuelekea baharini. Nyuma yake milima inapanda hadi mita 2,426. Katika daftari la wageni, karibu kila aliyenitangulia amesifu utulivu. Nami nilikaribia kuandika hivyohivyo.

Siku ya tatu akaja mama anayefanya usafi. Nilipoisifu mandhari, alinyoosha mkono kuelekea ukanda mpana mweusi uliokatiza mashamba hadi baharini. "Nyumba yangu imo mle chini," alisema, kisha akaendelea kutandika kitanda changu. Yeye mwenyewe anaishi katika nyumba ya kontena aliyopewa na serikali.

Volkano ililipuka tarehe 19 Septemba 2021 katika safu ya Cumbre Vieja, na mlipuko ukadumu siku 85. Watu wapatao 7,000 walihamishwa, majengo karibu 3,000 yakaharibiwa, na sehemu kubwa ya kijiji cha Todoque, pamoja na kanisa lake, ikafukiwa na lava. Siku moja tu baada ya ardhi kupasuka, Waziri wa Utalii wa wakati huo, Reyes Maroto, alisema kwamba mlipuko huo ungeweza kuwa kivutio cha watalii. Alikosolewa vikali, akalazimika kuifafanua kauli yake. Hata hivyo, kauli ile ilifichua mazoea ya kufikiri: mgeni huhesabiwa kwanza, mwenyeji baadaye.

Sisemi kwamba utalii ni uovu. Nyumba nyingi za mashambani visiwani humo ziliachwa na wakulima waliohamia Kuba na Venezuela kutafuta maisha. Kuzikarabati kwa ajili ya wageni kumeziokoa zisibomoke, na kumewapa kipato wazee wasio na kingine. Hata mama yule ujira wake unatokana na kitanda changu. Anayetaka kufuta utalii kwa kauli moja, amweleze kwanza atakula nini.

Lakini hoja hiyo ina mpaka. Kumpa mtu kazi ya kutandika vitanda si sawa na kumpa mahali pa kulala. Paa linapokuwa adimu, soko humpa anayelipa kwa usiku mmoja, kwa kuwa mwezi wa wageni wa usiku mmoja mmoja unaweza kuwa na bei kuliko mwezi wa mpangaji. Soko halina macho ya kumwona aliyepoteza nyumba. Macho hayo ni ya dola. Ndiyo maana tarehe 20 Aprili 2024 maelfu ya wakazi wa Kanari waliandamana wakisema visiwa vyao vina kikomo. Mwaka uliotangulia, visiwa hivyo vyenye wakazi milioni 2.2 vilipokea karibu watalii milioni 14 kutoka nje ya Hispania. Waandamanaji hawakuwa wakiwachukia wageni. Walidai kujua nani anapanga, na kwa ajili ya nani.

Swali hilo linatuhusu. Sisi nasi tunao mlima wa volkano ulioshusha maafa: Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilifukia makazi ya watu wa Katesh. Nasi pia tuna fukwe na miteremko ambako kila kibali cha nyumba ya wageni husherehekewa kama maendeleo. Kwa ndugu zangu watumishi wa umma mnaotia saini vibali hivyo, ombi langu ni dogo: kabla ya kuhesabu vitanda vitakavyoongezeka, hesabuni nyumba zitakazopungua kwa wapangaji wa eneo hilo, na takwimu zote mbili ziwekwe wazi mbele ya mkutano wa kijiji. Wanafunzi na wanaharakati wazidai takwimu hizo kabla msingi haujachimbwa, si baada ya nyumba kusimama.

Nami sijitoi katika lawama. Nililipa, nikalala vizuri. Nilipoondoka, mama yule alikuwa akibadilisha mashuka kwa ajili ya mgeni wa jioni.