FISI DUME? MUONEE HURUMA!

Kaa mkao wa kula, maana leo tunaye mlaji mwenyewe: fisi.

Mitaani kwetu fisi ni jina la mwanaume mwenye uchu. Anayekodolea macho kila sketi inayopita, fisi. Bosi anayemwambia binti aliyekuja kuomba kazi ati waonane kwanza jioni, fisi. Na tangu utotoni tumehadithiwa habari za yule aliyefika njia panda, akanusa nyama pande zote mbili, akazitaka zote, akapasuka msamba. Kwa hiyo ukisikia kina dada wanasema "mjini hapa mafisi wamejaa", unajua wazi kuwa hawazungumzii Mikumi.

Sasa kwa taarifa yako, fisi dume kasingiziwa. Namzungumzia huyu mwenye madoa, wa Serengeti na Ngorongoro. Ukiyajua maisha yake, wewe kijana wa kiume utamshukuru Mungu ulivyozaliwa.

Fisi hawa huishi kwa koo, na ukoo mmoja unaweza kuzidi fisi 80. Mkubwa wa ukoo ni jike. Mtoto hurithi cheo cha mama yake, kwa hiyo mama akiwa bi mkubwa, hata kitoto chake midume mizima iliyohamia hapo inakipisha kwenye nyama. Dume akishakua, mara nyingi huaga kwao na kwenda kutafuta maisha kwenye ukoo mwingine. Akifika huko anaanzia mkiani kabisa, mgeni asiye na ndugu, na anapanda cheo taratibu kadiri waliomtangulia wanavyokufa au kuondoka. Ni foleni, bwana, kama ya ndoo bombani, na kuchomekea hakuna.

Watafiti wamekuwa wakifuatilia koo nane za bonde la Ngorongoro tangu mwaka 1996. Utafiti wao wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kinachomhamisha dume ni uchaguzi wa majike. Binti wa fisi humpenda dume aliyezaliwa au aliyehamia kwenye ukoo baada ya yeye binti kuzaliwa. Hesabu hapo utaona ujanja wake: dume wa namna hiyo hawezi kuwa baba yake! Utafiti mwingine wa mwaka 2019 ukaeleza kwa nini majike wanatawala. Wengi hudhani ni ubavu. Wapi! Fisi wawili wakikwaruzana, anayeshinda ni yule mwenye wengi wa kumuunga mkono, na jike aliyebaki kwao ana mama, dada na shangazi. Dume mhamiaji ana nani?

Tuje kwenye mapenzi, maana najua ndiyo mnayoyasubiri.

Wazee walisema fisi ana jinsia mbili. Si kweli, ila usiwacheke, kwani jike ana kiungo cha uke kilichorefuka hadi kikafanana kabisa na cha dume. Anakojolea hicho hicho, anajamiiana kwa hicho hicho na anazalia hicho hicho. Uzazi wa kwanza ni mateso matupu, na vitoto vingi vya mimba hiyo ya kwanza hufa wakati wa kutoka.

Lakini kiungo hicho kina siri kubwa. Ili dume afanikiwe, jike mwenyewe lazima akubali, atulie na akirudishe ndani. Asipotaka, hakuna kinachofanyika. Hakuna cha nguvu, hakuna cha vitisho, hakuna cha "kazi hupati". Kwa maumbile hayo, fisi dume kubaka hawezi.

Afanyeje basi? Anabembeleza. Anamfuata jike kwa hofu, anainama, anakunja miguu ya mbele, na jike akigeuka kwa ukali anarudi nyuma mbio. Watafiti wa Serengeti wameona kwamba wanaokubaliwa ni wale waliojenga urafiki na jike kwa muda mrefu. Wanaomghasi na kumzingira hawaambulii zaidi.

Hata kile kicheko chake si furaha. Mara nyingi ni sauti ya fisi aliyebanwa, anayesukumwa na wenzake kwenye nyama. Na ule uvumi kuwa yeye ni wa kula makombo tu? Mtafiti Hans Kruuk aliwachunguza miaka ya 1960, akakuta wanawinda sana, na kule Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuja kula alichoua fisi. Mfalme wa porini, lakini kwa doezi hajambo!

Sasa turudi mjini. Tukimwita mtu fisi huwa tunacheka, na tukishacheka jambo limekwisha. Binti anaambiwa avumilie, "ndivyo walivyo wanaume, mafisi tu", utadhani maumbile ndiyo yamemtuma yule bosi. Maumbile gani? Fisi mwenyewe anasubiri kukubaliwa, na asipokubaliwa anaondoka zake.

Basi yule bosi tumwite jina lake, mnyanyasaji. Anayelazimisha naye ni mbakaji, tena ana sheria yake. Na wewe dada, akija kijana anayejua kusubiri, mwenye heshima kwako na kwa ndugu zako, asiyekughasi ukisema hapana, ukimwita fisi utakuwa umemsifia.

Kwa leo naishia hapa. Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo, na gazeti nunua lako, acha kuchungulia la jirani kwenye daladala!