Wapangishe maghala, nyumba za kijiji waachiwe wenyeji

UPANDE WANGU
Na Salma Mwinyikai

Familia nyingi za Waswahili walioko Uingereza zimeonja starehe ambayo hoteli haina: kupanga nyumba nzima huko shamba kwa wiki moja. Hoteli inakupa kitanda na kifungua kinywa, lakini nyumba inakupa jiko. Shangazi anapika pilau kwa nyama ya bucha la halali la Leicester, watoto wanabanana chumba kimoja kwa furaha yao, sala ya jamaa inaswaliwa sebuleni, na kodi ya wiki inagawanywa kwa kaya tatu. Ijumaa au Jumamosi saa kumi alasiri mnafungua kisanduku cha funguo kwa namba mliyotumiwa, mnakuta mezani maziwa, mkate, majani ya chai na kitabu cha wageni. Wiki ikiisha, saa nne asubuhi mnatoka, msafishaji anaingia, na kabla ya magharibi wamekwishafika wengine.

Naipenda likizo ya namna hii na nataka idumu. Kwa sababu hiyo hiyo, nasimama na wanavijiji wanaotaka iwekewe mipaka.

Nyumba hizi hazikujengwa kwa ajili ya wageni. Zile za Devon zenye kuta nene za udongo uliokandwa na mabua, na zile za mawe ya manjano za Cotswolds, zilikuwa makazi ya vibarua, wafumaji na mafundi. Za bandari za Cornwall zilikuwa za wavuvi. Trekta lilipochukua kazi ya mikono, vibarua walipungua na nyumba zikabaki. Watu wa mjini wenye fedha wakazinunua, wakaziba mapaa yaliyovuja, wakaingiza maji ya moto. Mwanzoni hilo lilikuwa jambo jema, kwani nyingi zingeanguka.

Wema huo ulikwisha pale ambapo nyumba ilianza kumwingizia mwenyewe fedha nyingi zaidi kwa wiki za Agosti kuliko kwa miezi mingi ya mpangaji wa kudumu. Sheria ya mwaka 1988 ilimruhusu mwenye nyumba wa England kumtoa mpangaji kwa notisi ya miezi 2 bila kutaja sababu, na katika vijiji vya pwani walitolewa watu wenye kazi, watoto shuleni na rekodi safi ya kulipa kodi. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imekuja kuufuta utaratibu huo. Ni hatua njema, ila waliokwisha kuhama hairudishi.

Wananchi wenyewe wamesema. Mwaka 2016 wakazi wa St Ives, Cornwall, walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 80 wakataka kila nyumba mpya iwe ya mtu atakayeishi humo mwaka mzima. Mahakama Kuu ikauacha uamuzi wao usimame. Mwaka 2022 wakazi wa Whitby, kwenye pwani ya Yorkshire, nao walipiga kura, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojitokeza wakataka vivyo hivyo. Watu hao wanaishi kwa utalii, na hakuna anayejua thamani ya mgeni kuliko wao.

Fikirieni kinachopotea. Taasisi ya uokoaji baharini, RNLI, iliyoanzishwa mwaka 1824, inategemea zaidi watu wa kujitolea: fundi, mwalimu, muuza samaki. King'ora kikilia wanatakiwa wawe kituoni ndani ya dakika chache. Mtu aliyesukumwa na bei za nyumba hadi mji ulio umbali wa nusu saa hawezi kuwahi chombo kinachozama. Msafishaji wa nyumba za likizo, mpishi wa mgahawa na muuguzi wa zahanati wako katika hali hiyo hiyo. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Cornwall mgeni anakuja, na mwenyeji anahama.

Kodi nayo imepinda. Nyumba ya England ikiwekwa sokoni kwa wageni angalau usiku 140 kwa mwaka, na ikapangishwa kweli angalau usiku 70, inatoka kwenye kodi ya halmashauri na kuhesabiwa kuwa biashara. Ikiwa ndiyo mali pekee ya biashara ya mwenyewe, na thamani yake ya kikodi haizidi pauni 12,000, anaweza kusamehewa kodi yote ya biashara. Muuguzi wa nyumba ya jirani, anayekesha wodini, analipa kodi ya halmashauri kila mwezi. Tangu Aprili 2025 halmashauri zimepewa uwezo wa kutoza mara mbili nyumba za pili zinazokaa bila mkazi, lakini anayefikisha usiku 70 wa wageni anaukwepa mzigo huo.

Lakini kupiga marufuku nyumba za likizo hakutawasaidia wanakijiji. Tutofautishe nyumba na nyumba. Mwaka 1965 John Smith na mkewe Christian walianzisha Landmark Trust. Shirika hilo huchukua majengo ya kale yaliyokaribia kuanguka, kama minara, malango ya makasri na ngome, huyakarabati na kuyapangisha kwa wageni, na kodi inasaidia kuyatunza. Hakuna familia iliyofukuzwa ili mgeni alale mnarani. Mkulima anayegeuza ghala la nyasi au zizi la zamani kuwa nyumba ya wageni naye anafanya la haki. Ruzuku ya zamani iliyolipwa kwa ukubwa wa shamba imekuwa ikiondolewa tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, na wageni wa ghala ndio wanaomwezesha kubaki na kondoo wake. Jengo ambalo halikuwa makazi ya mtu limeongeza nafasi ya kulala kijijini bila kumpunguzia yeyote.

Nyumba ya mvuvi iliyochukuliwa kutoka kwa mpangaji ni jambo jingine kabisa, na sheria iseme hivyo. Jijini London mwenye nyumba hawezi kuipangisha kwa wageni wa muda mfupi zaidi ya usiku 90 kwa mwaka bila kibali cha mipango miji. Kwingineko England, kwa kawaida, nyumba ya familia inaweza kugeuzwa ya likizo bila kuomba kibali. Kinga waliyopewa wakazi wa jiji la mamilioni wapewe pia wakazi wa kijiji cha kaya 60, ambako nyumba 10 zikigeuzwa za likizo, shule inakosa wanafunzi. Kanuni ya St Ives iligusa nyumba mpya tu. Zile za zamani za bandarini, ambazo ndizo wageni huzigombea, zilibaki wazi kwa mnunuzi yeyote. Halmashauri ipewe mamlaka juu ya zote.

Wenye nyumba wanasema wageni wanaleta ajira. Ni kweli, na ajira hizo zinahitaji watu wanaolala karibu. Duka la kijiji haliendeshwi kwa wiki sita za kiangazi. Linaendeshwa na mzee anayenunua gazeti Februari.

Ndugu zangu mlioko Uingereza, endeleeni kwenda shamba. Kabla ya kulipa, mwulizeni mwenye nyumba kama jengo lilikuwa ghala au lilikuwa nyumba ya watu, na kama wiki zote za mwaka ni za wageni au yeye mwenyewe huishi hapo. Chagueni la mkulima. Nunueni mayai, viazi na mkate kijijini badala ya kuja na buti lililojaa kutoka mjini. Na mlio na haki ya kupiga kura huko, mgombea wa ubunge akibisha hodi, mwambieni mnataka kibali kiwe lazima kabla makazi ya mtu hayajageuzwa biashara ya likizo.