Faiba Bila Umeme ni Kazi Bure

Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka wa 2009, wengi wetu tulitumaini kwamba elimu imefunguliwa mlango mpya. Leo kilio ni kwamba faiba iongezwe uwezo. Sipingi, lakini nikiwa hapa Bondeni nauliza: vifaa vitapata wapi umeme?

Uzi wa kioo hupitisha mwanga tu. Mitambo iliyo kwenye ncha zake, na tabuleti mikononi mwa wanafunzi, haina budi kupata umeme. Serikali iliunganisha shule za msingi na umeme kabla ya kuleta tabuleti mwaka wa 2016, ila soketi moja haitoshi darasa zima. Na usiku wa 25 Agosti 2023, giza lilipotanda sehemu kubwa ya nchi, wingi wa nyaya haukumfaa mwanafunzi ambaye kifaa chake kilikuwa kimezima.

Umeme wa mvuke wa Olkaria, ulioanza kuzalishwa mwaka wa 1981, hutoka katika kaunti yetu hii ya Nakuru. Mwenye kisima hafai kulala na kiu.

Basi kila shilingi ya faiba shuleni iandamane na ya soketi, betri na sola. Walimu, lifikisheni jambo hili kwenye bodi zenu.