Tyubu Moja, Nyumba Nzima

Yako mazoea ambayo sisi huyaita wema, kumbe ni madhara matupu. Mojawapo ni hili la kuazimana dawa ya ngozi.

Nalisema nikiwa na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1998, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, daktari aliniandikia krimu ya betamethazoni kwa ajili ya pumu ya ngozi iliyonishika viwikoni. Kwa siku chache mwasho ukatulia. Ndipo kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akaja ofisini akijikuna shingo. Nikavuta mtoto wa meza, nikampa tyubu yangu kwa ukarimu wa mzazi. Wiki ya kwanza alinishukuru. Baada ya mwezi, duara lile dogo lilikuwa limeenea shingo nzima hadi shavuni. Hakuwa na pumu ya ngozi. Alikuwa na choa. Mganga wa zahanati alipomwuliza ni nani aliyempa dawa ile, kijana alinyamaza kwa adabu ili anisitiri. Nami nilikuwapo, nikanyamaza vilevile.

Dawa hizi ni za jamii ya steroidi, wala hazikubuniwa na walaghai. Mwaka 1950 Kendall, Reichstein na Hench walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya homoni za tezi zilizo juu ya figo, na mwaka 1952 Sulzberger na Witten wakaonyesha kwamba haidrokotizoni ya kupaka hutuliza ngozi. Kazi yake ni kuwatuliza askari wa mwili wanaoleta wekundu na mwasho. Lakini askari haohao ndio wanaopambana na kuvu. Ukiwalaza, mwasho hupungua, mgonjwa hufurahi, na choa hujitandaza.

Nitajibiwa: “Mwalimu, hiyo ni ya kupaka tu, haimezwi.” La hasha! Ngozi si bati. Dawa hupenya, hasa usoni, kwapani, kwenye mapaja na kwa watoto wachanga, na nepi iliyobana huizidisha kupenya. Ikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi, ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana na michirizi hutokea isiyofutika. Karibu na macho yaweza kuleta presha ya jicho na mtoto wa jicho. Tena nguvu zake si sawa: haidrokotizoni ya asilimia 1 ni dhaifu, klobetasoli ni kali mno. Kwamba zote ni nyeupe hakuzifanyi kuwa moja. Nao wanaozitia katika mkorogo ili waitwe weupe wanaununua weupe huo kwa ngozi yao wenyewe.

Hata hivyo sisemi tyubu zitupwe. Nimemwona mama aliyeogopa maneno ya majirani, akaiacha dawa aliyoandikiwa mwanawe, mtoto akajikuna usiku kucha hadi damu. Woga nao ni ujinga. Ikitumiwa kama ilivyoagizwa, kwa muda ulioagizwa, dawa hii ni rehema. Kipimo chake hata mtoto wa darasa la kwanza aweza kukijifunza: mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza, takriban nusu gramu, hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Na aliyeitumia kwa muda mrefu asiikate ghafla pasipo kumwuliza daktari.

Lakini mgonjwa atayajuaje hayo, ikiwa juu ya bahasha pameandikwa “1 x 2” basi? Mwanachuo wangu angeniletea jibu la namna hiyo ningempa sifuri. Ipakwe wapi? Kiasi gani? Kwa siku ngapi? Majibu hayo matatu ni haki ya mgonjwa, na anayeitoa dawa bila kuyaandika amefanya nusu ya kazi.

Wapo watakaosema daktari yuko mbali na nauli haipatikani. Ni kweli, wala siwabezi. Ndiyo maana kituo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa Moshi mwaka 1992 kimefundisha waganga wasaidizi, si mabingwa peke yao. Lakini umbali wa daktari haumfanyi jirani kuwa daktari. Heri mtu aambiwe, “Sijui, nenda zahanati,” kuliko apewe tyubu ya mwenzake kwa tabasamu.

Mimi sikusema hivyo siku ile. Shingo ya kijana ilipona kwa dawa ya kuvu baada ya majuma mengi, akahitimu, akaenda kufundisha. Hakunilaumu hata mara moja. Ndugu msomaji, tyubu iliyoandikwa jina lako ni yako peke yako. Atakayekuomba, mnyime, nawe umemtendea wema kuliko nilivyomtendea mwanafunzi wangu.